Nilikosea, sikukusudia: utetezi unaosema mengi kuliko tunavyodhani

Kila mahakama inapomtia mtu hatiani kwa kuua bila kukusudia, mjadala wa vijiweni hufuata njia ileile. Mmoja anauliza: mtu amempiga mwenzake rungu la kichwa, hakukusudia vipi? Wa pili anasema bila kukusudia maana yake ni ajali, basi aachiwe akalee watoto wake. Wa tatu anafunga mjadala: nia ya mtu anaijua Mungu peke yake, majaji wanabahatisha tu. Jioni hiyohiyo simu inaingia kutoka kwa mtu usiyemjua. Samahani ndugu yangu, nimekosea namba, naomba unirudishie hela yangu.

Uzito wa mambo haya mawili haufanani hata kidogo, lakini utetezi ni wa ukoo mmoja: nilikosea, sikukusudia. Tunazitamka kauli hizi pamoja kama pacha, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu mara nyingi zinapingana. Anayesema amekosea anakiri kwamba kulikuwa na jambo alilokuwa analifanya kwa makusudi, likaenda kombo. Jiwe likiporomoka mlimani na kuvunja paa halijakosea. Wala aliyeteleza kwenye vigae akaangukia sahani hajakosea, ameanguka. Ili ukosee, lazima kwanza uwe unafanya kitu.

Tuanze na maana. Tendo la kukusudia ni lipi? Wengi tungejibu kwamba ni tendo lililotanguliwa na nia, yaani mtu aliwaza moyoni kisha akatenda. Jibu hilo halifiki mbali. Dereva anayebadilisha gia hawazi kwanza "sasa nabadilisha gia", na bado hakuna atakayesema gia ilijibadilisha yenyewe.

Jibu lililobadilisha mjadala huu lilitoka kwa Elizabeth Anscombe, mwanafalsafa Mwingereza aliyezaliwa Limerick, Ireland, mwaka 1919. Kilichomsukuma hakikuwa udadisi wa darasani. Mwaka 1956 Chuo Kikuu cha Oxford, alikokuwa akifundisha, kilipanga kumtunuku shahada ya heshima Harry Truman, rais wa Marekani aliyeamuru mabomu ya atomiki yadondoshwe Hiroshima na Nagasaki mwezi Agosti 1945. Anscombe alisimama kupinga. Hakufaulu, na Truman alipewa shahada yake. Kwa maelezo ya Anscombe mwenyewe, aliyezungumza kumtetea Truman alidai kwamba rais hakuyatengeneza mabomu peke yake wala hakuamua bila kushauriana na watu, sahihi yake tu ndiyo iliyokuwa chini ya amri. Mwaka uliofuata, 1957, Anscombe alitoa kitabu chembamba chenye kurasa zisizofika mia moja, Intention, ambacho wanafalsafa wanakivunjia kichwa mpaka leo.

Sahihi tu. Huyo bwana alitia wino kwenye karatasi, au aliamuru miji miwili iteketezwe? Anscombe anajibu kwamba yote mawili ni tendo moja, ila linaelezwa kwa namna mbili. Tendo lolote la mtu lina maelezo mengi ya kweli, na linaweza kuwa la kukusudia kwa maelezo haya, lisiwe la kukusudia kwa maelezo yale. Kipimo anachokipendekeza ni swali moja dogo: kwa nini? Si kwa nini ya chanzo, kama "kwa nini bomba limepasuka", bali ile inayomtaka mtendaji atoe sababu yake ya kutenda. Mtendaji akijibu "sikujua kama nafanya hivyo", amelikataa swali, na kwa maelezo hayo tendo si la kukusudia.

Mfano wake ni mtu anayesukuma mpini wa pampu. Mkono unapanda na kushuka. Maji yanapanda kwenye tangi la nyumba. Kuna mtu ametia sumu kwenye chanzo cha maji hayo, na nyumba ile wanaishi wakubwa wa chama katili pamoja na familia zao. Pampu inatoa mlio wa mahadhi fulani, na kivuli cha mkono kinacheza kwenye mwamba wa jirani. Huyu mtu anafanya nini? Anasukuma pampu, anajaza tangi, anawapa watu sumu, anapiga mahadhi, anachezesha kivuli. Yote ni kweli. Muulize: kwa nini unapiga mahadhi? Atashangaa: mahadhi gani? Muulize: kwa nini unajaza tangi? Kama anajua habari ya sumu na ndiyo shabaha yake, atakujibu: ili wale waliomo ndani wafe. Kama hajui, atasema ndiyo kazi yake ya kila siku.

Kuna mtu wa tatu, na ndiye anayefanana na watu tunaoishi nao. Anajua kuhusu sumu lakini anasema: mimi natafuta ujira wangu, hayo ya sumu hayanihusu. Anscombe hakubali kwamba mtu anaweza kuitengeneza nia yake kwa kujisemea kimoyomoyo "nakusudia hiki tu, kile sikikusudii". Hata pale tunapokubali kwamba sumu haikuwa lengo lake, haitoki kwenye hesabu yake. Alijua.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe.

Mtu anazunguka mjini na orodha ya manunuzi aliyopewa na mkewe. Nyuma yake kuna mpelelezi anayeandika kila kitu anachonunua. Mwisho wa safari kuna orodha mbili, na zinaweza kufanana neno kwa neno. Tofauti inaonekana pale kitu kisipolingana. Mpelelezi akiandika siagi wakati kwenye kikapu mna majarini, orodha yake ndiyo yenye kosa, afute na kuandika upya. Lakini mnunuzi akifika nyumbani, mkewe akamwambia, "Hapa nimeandika siagi, wewe umeleta majarini," hawezi kujibu, "Kweli bwana, ngoja turekebishe," kisha akachukua kalamu na kuandika majarini kwenye orodha. Orodha haina kosa. Kosa liko kikapuni, yaani katika kutenda kwake, na dawa yake ni kurudi dukani.

Hapo tuna aina mbili za kosa, na nitaziita kosa la ufahamu na kosa la utendaji. La kwanza ni kuamini jambo lisilo kweli, na hurekebishwa kwa kubadilisha unachoamini. La pili ni kutenda kinyume na ulichokuwa unatenda (najua sentensi hiyo inasikika kama kitendawili, tutairudia), na hurekebishwa kwa kubadilisha hali ya mambo yenyewe.

Tofauti hii haikugunduliwa Oxford. Karne nyingi kabla, mafakihi, yaani wanasheria wa Kiislamu, walikuwa wameichambua kwa sababu ya lazima: Qurani, katika Sura An-Nisaa aya ya 92, inatenga hukumu ya aliyeua kwa kukosea, naye anadaiwa diya, yaani fidia kwa jamaa wa marehemu, na kafara ya kufuta dhambi, si kisasi. Basi ilibidi wajue kukosea ni nini hasa. Burhan al-Din al-Marghinani, fakihi wa madhehebu ya Hanafi aliyefariki mwaka 1197, ameeleza katika kitabu chake al-Hidaya kwamba kukosea ni kwa namna mbili. Kuna kukosea katika kusudio: mtu anamlenga kiumbe akidhani ni mnyama wa kuwinda, kumbe ni binadamu. Na kuna kukosea katika tendo: mtu analenga shabaha, mshale unampata binadamu. Wa kwanza mkono wake haukukosea hata chembe, jicho na akili ndivyo vilivyodanganyika. Wa pili alijua vizuri kila kilichokuwa mbele yake.

J. L. Austin, mwanafalsafa mwingine wa Oxford, aliitoa tofauti hiyo mwaka 1956 kwa kisa cha punda, tena kwenye tanbihi. Wewe una punda, mimi nina punda, wanalisha uwanja mmoja. Siku moja namchoka wangu, namlenga, nampiga risasi, anaanguka. Nikisogea naona ni wako. Au namlenga wangu, nikiwa nafyatua wanasogea, anaanguka wako. Nikija mlangoni kwako, Austin anauliza, nitakuambia nini? Kwamba nimemuua punda wako kwa kukosea, au kwamba imetokea kwa bahati mbaya? Kisa cha kwanza ni kukosea, cha pili ni bahati mbaya. Marghinani angeviita vyote viwili kukosea, akiwa amevitenganisha ndani yake. Majina si hoja. Hoja ni kwamba mahali kosa lilipo ni tofauti.

Turudi kwenye simu, maana hapa mambo yanajipambanua vizuri kuliko kwa punda. Mtu anasema, "Nimetuma hela kimakosa." Sawa, lakini kivipi? Inawezekana dada yake alimpa namba yenye tarakimu moja iliyobadilika, naye akaibonyeza kama alivyopewa. Orodha ilikuwa mbovu, mkono ulikuwa mzima. Inawezekana namba aliyokuwa nayo ilikuwa sahihi, kidole kikagusa 8 badala ya 5. Orodha ilikuwa sawa, mkono ukateleza. Na inawezekana alipokea ule ujumbe maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii", akaamini umetoka kwa mwenye nyumba, akatuma kodi kwa tapeli.

Huyu wa mwisho ndiye wa kumtazama. Hakubonyeza vibaya. Alitaka kutuma kwenye namba ile, na akatuma kwenye namba ile. Ukimuuliza kwa nini umetuma kwenye namba hii, anayo sababu kamili. Ukimuuliza kwa nini umempa tapeli kodi yako, analikataa swali. Tendo moja, maelezo mawili, na kusudio limekaa upande mmoja tu. Ndiyo maana jina la mpokeaji linaloonyeshwa kabla hujaweka namba ya siri linamwokoa vizuri aliyeteleza kidole, ila kwa aliyetapeliwa msaada wake ni mdogo. Matapeli wanalijua hilo kuliko wanafalsafa, na ndiyo sababu wanakuwahi: "jina litakuja" la fulani, usishtuke. Wanaitengeneza orodha mapema ili utendaji wako usigongane nayo.

Kwa mahesabu hayo, tunaweza kurudi mahakamani.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na ile ya Kenya ni ndugu wa enzi za ukoloni wa Uingereza, na katika jambo hili zinafanana karibu neno kwa neno. Kuua kwa kukusudia kunahitaji kile ambacho wanasheria huita nia ovu. Kuua bila kukusudia ni kusababisha kifo kwa tendo lisilo halali, au kwa uzembe uliopindukia, bila nia hiyo. Ajali ni jambo jingine kabisa, na kwa kawaida mtu hawajibiki kijinai kwa tukio lililotokea kwa ajali. Kwa hiyo yule bwana wa kijiweni aliyesema "aachiwe akalee watoto" amechanganya vyumba viwili. Adhabu ya juu ya kuua bila kukusudia, Tanzania na Kenya, ni kifungo cha maisha.

Chukua ugomvi wa baa. Jamaa anamchapa mwenzake ngumi, mwenzake anaanguka, kisogo kinagonga ngazi, anafariki. Alikusudia? Swali hilo halina jibu mpaka uongeze: alikusudia nini? Kupiga, ndiyo. Kuua, pengine hapana. Sheria haisemi kwamba hakukusudia chochote. Inasema kusudio lake liliishia kwenye maelezo fulani ya tendo, na matokeo yakapita hapo.

Wengi pia huamini kwamba kukusudia ni kupanga. Si lazima mtu akeshe akinoa panga. Nia inaweza kuzaliwa na kutimia ndani ya dakika moja. Na ukilenga kumuua Ali risasi ikampata Omari, kisa cha punda hakitakusaidia: kanuni hizi zinasema wazi kwamba nia ya kuua mtu yeyote inatosha, awe ndiye aliyekufa au siye. Wala yule msukuma pampu asiyejali hawezi kupona hapa, kwa sababu kujua kwamba tendo lako lina uwezekano mkubwa wa kuua kunahesabiwa kuwa nia ovu hata kama matokeo hayakukushughulisha, hata kama ulitamani yasitokee. Wabunge wa kikoloni na Anscombe wangeelewana katika hilo.

Na kuna kipengele kinachowachanganya hata wasomaji makini. Aliyeua kwa hasira ya ghafla, baada ya kuchokozwa kwa kiwango ambacho sheria inakitambua, anaweza kuhukumiwa kwa kuua bila kukusudia ingawa wakati ule alitaka kuua. Hapo sheria haisemi kwamba kusudio halikuwepo. Inampunguzia uzito kwa udhaifu wa kibinadamu, na jina la kosa linabaki likitupotosha sisi tunaosoma vichwa vya habari.

Vipi kuhusu hoja ya yule wa tatu wa kijiweni, kwamba nia iko moyoni na haionekani? Inaonekana zaidi ya tunavyokiri. Yule mpelelezi sokoni hakuingia moyoni mwa mtu, lakini akimfuata saa nzima atajua kwamba bwana huyu ananunua vitu vya pilau. Nia si kitu kilichofungiwa nyuma ya matendo. Ni mpangilio wa matendo yenyewe, hili likifanywa kwa ajili ya lile. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, tangu miaka ya 1990, imekuwa ikirejea mambo ya kuangaliwa: aina ya silaha na ukubwa wake, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, maneno ya mshtakiwa, mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Hakuna ramli hapo. Majaji wanaweza kukosea, bila shaka, lakini kosa lao ni la mpelelezi: waliandika siagi kumbe ni majarini.

Sasa kile kitendawili nilichokiacha. Inawezekanaje mtu atende kinyume na anachotenda?

Anscombe anasema kwamba mtendaji anajua anachofanya kwa njia ambayo mpelelezi hana. Mpelelezi anajua kwa kutazama. Mnunuzi hajitazami mikono ndipo agundue, "Ah, kumbe nanunua mchele." Maarifa haya ya pili ndiyo yanayoitwa maarifa ya kutenda. Anayaeleza kwa maneno aliyoyachukua kwa Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13: ni maarifa ambayo ni sababu ya kile kinachojulikana. Maarifa ya kawaida yanafuata jambo. Haya yanalitangulia na kulizaa. Mpelelezi anaandika "amenunua mchele" kwa sababu mchele umenunuliwa, ilhali mchele umenunuliwa kwa sababu mnunuzi alijua kwamba ndicho anachofanya.

Basi ukisema "najaza tangi" na mtu akakuambia bomba limetoboka njiani, amekuonyesha jambo usilolijua, lakini bado hajakupinga kama mtendaji. Anayekupinga hasa, anasema Anscombe, ni yule anayejibu "hujazi kitu!" kisha anachukua sururu kwenda kulitoboa hilo bomba. Kauli ya mtendaji haipingwi kwa ripoti, inapingwa kwa tendo.

Ni wazo zuri, na lina shida inayoonekana waziwazi. Maarifa ni ya mambo ya kweli. Tangi halijai, maana bomba limetoboka. Nilijua nini, basi? Mwaka 1957 Anscombe mwenyewe aliandika mfano wa mtu anayeandika ubaoni akiwa amefumba macho. Anajua anachoandika bila kutazama. Lakini chaki ikigoma, je?

Donald Davidson, mwanafalsafa wa Marekani, aliikaza shida hii kwa mfano ambao kila muuza duka mwenye kitabu cha risiti cha karatasi ya kaboni anauelewa. Mtu anaandika kwa nguvu akitaka kutoa nakala kumi kwa mkupuo. Hana hakika kama nakala ya kumi inatoka. Haijui, haioni, anaikandamizia kalamu tu. Ikitoka, alikusudia kuitoa? Bila shaka alikusudia. Alijua kwamba anaitoa? Hapana. Davidson akahitimisha kwamba mtu anaweza kukusudia kufanya jambo bila kujua kwamba analifanya, na kwa wengi nadharia ya Anscombe ilionekana kuvuja hapo.

Mimi sikubaliani na haraka hiyo. Mfano una nguvu kwa sababu unamfunga mwandishi kwenye mkupuo mmoja, kama mtu anayetupa dado. Kazi halisi haiko hivyo. Mwenye duka akimaliza kuandika anafunua karatasi za chini, akiona ya mwisho imefifia anaikoleza kwa kalamu au anaandika nyingine. Kuangalia na kurekebisha ni sehemu ya kutoa nakala, na anapokuwa katikati ya shughuli hiyo anaweza kusema kwa haki, "natoa nakala kumi", hata kama mkono wake hapa na pale umefanya kisicho hicho. "Ninafanya" si sawa na "nimefanya". Mnunuzi aliyeokota majarini bado yuko kwenye shughuli ya kununua siagi, mradi atarudi dukani. Ukimzuia asirudi, ukamwambia mkupuo ni mmoja na umekwisha, hapo ndipo itabidi ukubali kwamba hakujua alichofanya, na hata neno "kununua siagi" limeanza kumponyoka.

Wapo ambao hawaridhiki na jibu hili, nao wana hoja: risasi haina kurudi dukani. Aliyemlenga punda wake alikuwa na mkupuo mmoja tu, na sioni kwamba maelezo ya shughuli inayoendelea yanamfikia vizuri. Kwa matendo ya aina hiyo Davidson bado anadai jibu.